Wiki Mbili za Kuchagua Kadi

Jumamosi, saa nane mchana. Kimara leo kuna joto la mawingu, mvua inatishia tangu asubuhi na haishuki. Nguo ziko kambani. Nimetoka kuzitazama mara nne.

Sijatulia hata kidogo. Naandika kwa simu, kwa sababu kompyuta ina kazi na naogopa hata kugusa kipanya chake. Kwenye kona ya kioo panasomeka asilimia thelathini na moja. Ikifika mia nitakuwa na picha ya nyumba ya yule nesi mstaafu anayejenga Boko, na kesho akitoka kanisani atawaonyesha wanawe. Isipofika mia sina cha kumtumia, na safari hii hatanisubiri.

Hilo ni moja. La pili liko nyuma ya mlango wa chumba cha binti yangu Irene. Mama mkwe wangu yuko humo, na begi lake limefungwa.

Limefungwa kwa sababu yangu.

Nianze na nesi, ndiye mwepesi kumwelezea. Mwanzoni alikuwa akipiga simu na kunisalimia kwanza, habari za nyumbani, habari za mtoto. Juzi alianzia kwenye kazi moja kwa moja. "Mwanangu, kama imeshindikana niambie tu. Kuna kijana mtandaoni anasema anamaliza kwa siku moja." Nikamwambia naweka kadi mpya kwenye kompyuta, Jumamosi atapata. Akaguna, na mguno wa nesi aliyezalisha wanawake miaka thelathini si wa kuuchezea.

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba. Zamani mtu aliridhika na karatasi. Siku hizi hachimbi msingi mpaka aione nyumba yake kwenye simu, ikiwa na bati la bluu, maua getini na gari ambalo hana. Hiyo ndiyo tunaita picha ya 3D. Mimi nachora mistari, kisha kompyuta inakaa saa tano, saa sita, inaigeuza kuwa kitu kama kimepigwa kwa kamera. Yetu ilikuwa ikifika nusu, inazimika. Naanza upya, inazimika tena.

Nimesema yetu kwa sababu si yangu. Ni ya familia. Baba Irene aliinunua mtumba miaka tisa iliyopita, atungie mitihani ya shule anayofundisha kule Mbagala. Irene alijifunza kuandika jina lake humo, na sasa yuko bweni. Ni lile boksi jembamba la ofisini ambalo wazungu wamelichoka likaja kwetu na stika zake. Nilipoacha kazi ofisini, ikawa yangu mchana kutwa.

Nimeandika "nilipoacha." Hiyo ndiyo lugha ninayowapa watu. Ukweli ni kwamba nilipunguzwa.

Basi, kompyuta inazimika, mimi nikauliza kwenye kundi letu la wachoraji. Wote wakasema ni kadi. Kadi ya picha, yaani kile kipande kinachochomekwa ndani ili kisaidie kubeba mzigo wa picha. Kompyuta ya zamani bila kadi itazima tu, dada, wakaniambia. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Shida inayoondoka kwa kununua kitu ni shida tamu kuliko zote.

Nikaingiwa na wazimu wa kadi. Nilikuwa nikikoroga uji huku natazama video za watu wakizifungua kwenye maboksi. Ya kwanza niliyoipenda ilikuwa na feni mbili na taa inayobadilika rangi. Nilikata karatasi kwa vipimo vyake, nikaisimamisha kando ya boksi letu, ikazidi kwa vidole vinne. Nikapima tena kesho yake, kana kwamba boksi lingekua usiku. Ya pili ilienea, lakini ilitaka waya wake wa umeme, na kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya boksi letu hakina waya huo wala nguvu hiyo. Ya tatu ilikuwa fupi, nyembamba, haina taa wala umbo, inakula umeme wa palepale inapochomekwa. Sikuipenda. Niliirudia kila siku nikitafuta sababu ya kuikataa.

Baba Irene alinitazama siku moja akasema, "Mama Irene, wewe huchagui kadi. Unachumbia."

Wakati wote huo mama mkwe alikuwa sebuleni.

Alikuja kutoka Mafinga kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na anasubiri siku yake ya upasuaji, imebaki kama wiki tatu. Amekaa nasi miezi miwili, analala kwenye kitanda cha Irene. Si mtu wa maneno. Anaamka kabla yangu, na kila anachokishika jikoni namwahi: acha mama, pumzika, nitafanya mwenyewe. Fagio namnyang'anya. Sufuria namnyang'anya. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Akabaki na uzi wake. Anafuma kwa vidole, macho hayamsaidii tena. Ameifumia nyumba nzima: makochi, friji, televisheni, redio, hata mtungi wa gesi una nguo yake. Kompyuta aliifumia kitambaa kikubwa kuliko vyote, cha waridi, chenye mistari ya kijani iliyopotea njia katikati, kinashuka mpaka chini kila upande. Kila nilipoinuka kwenye kiti, aliifunika nacho. Kila niliporudi, nilikitoa, nikakikunja, nikakiweka juu ya friji. Nilifanya hivyo mara ngapi sijui, na sikukiona hata mara moja. Nani anakiona kitambaa? Nimekulia kwenye nyumba ambayo redio ilivaa vizuri kuliko watoto.

Ila nitasema kweli, kiliniudhi. Niliwahi kumsikia akimwambia jirani kwamba mkwe wake anashinda akitazama nyumba za watu. Neno hilo nililibeba nikalilea. Kila alipofunika, nilisikia anasema: haya, imetosha, funga huo mchezo.

Alhamisi nikaenda kwa fundi Manzese na karatasi yangu ya vipimo. Hata hakuipokea.

"Sista, mie sitibu mgonjwa kwa kuhadithiwa. Lete mashine."

Nikarudi nyumbani kuichukua. Mama mkwe akanisaidia kuifunga, kwanza kitambaa chake, kisha kanga, kisha fundo. Nikaipakata kwenye bajaji mpaka Manzese, mara ya pili siku hiyohiyo, jasho linanitoka kwa hasira za bure.

Fundi akalegeza skrubu, akaondoa ubavu wa boksi. Kisha akachukua kibano, akabana kitu kwenye feni, akavuta. Akaendelea kuvuta. Ulikuwa uzi. Wa waridi, kisha wa kijani, na manyoya ya uzi yameshikana na vumbi mpaka yamekuwa kigodoro. Feni ilikuwa imenyongwa. Fundi na mwenzake walicheka mpaka wakaegemea meza.

"Hii mnaifunikaga?"

"Ikiwa imezimwa," nikasema.

"Imezimwa yenyewe, au kioo tu?"

Nikatafuta stuli nikakaa. Kwa sababu mimi nikishaipa kompyuta kazi ya saa sita, nazima kioo kisile umeme, naenda sokoni, naenda kufua. Mtu mwenye mtoto wa jicho anaona kioo cheusi. Kwake, kazi imekwisha. Anafunika, anakunja vizuri mpaka chini, vumbi la barabara lisiingie. Na matundu ya hewa yote yako ubavuni na nyuma. Kompyuta inachemka humo ndani, inajizima isije ikaungua. Narudi, natoa kitambaa, naikuta imelala, nalaani ukosefu wa kadi.

Mimi, ambaye kila mteja namhubiria hewa. Dirisha hapa na dirisha pale, hewa ipite, usije ukajijengea tanuri.

Fundi alisafisha, akaweka feni nyingine, akapaka upya ile dawa ya kupooza joto. Akaniambia ishu ilikuwa hewa, na kwamba sasa itamaliza kazi hata bila kadi, ila kwa mwendo wa kinyonga.

Nikanunua kadi hata hivyo.

Ile ya tatu, fupi, isiyo na umbo. Sababu nzuri ipo: inapunguza saa za kusubiri, na kazi zangu zinaihitaji. Lakini sababu ya kweli ni kwamba sikuweza kurudi nyumbani, baada ya kuhubiri kadi wiki mbili, nikiwa nimesafishiwa vumbi tu. Jana asubuhi ilifungwa, ikawaka, ikafanya kazi. Na mimi nikashindwa hata kuifurahia.

Kisha ikaja jana jioni, wakati wa chakula.

Baba Irene aliuliza swali la haki kabisa: sasa shida ilikuwa nini hasa? Ningeweza kujibu kwamba feni ilikuwa chafu. Hilo lingetosha. Lakini mimi nikiwa na aibu huwa nachekesha. Nikaisimulia yote. Nikamwigiza fundi anavuta uzi, anavuta, hauishi. Nikasema kompyuta ya watu imevalishwa sweta la Mafinga ndani ya joto la Dar. Baba Irene alicheka mpaka akapaliwa na ugali. Mama mkwe naye akacheka, akasema, "Kumbe nilikuwa naipika."

Akanawa mikono. Akainuka. Akaanzia kwenye friji.

Alipapasa kimoja baada ya kingine. Friji, televisheni, redio, makochi, mtungi wa gesi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Alivikunja taratibu juu ya goti, akaviingiza kwenye begi lake, akasema vikae humo visije vikaharibu na kingine. Akatuaga, akaenda kulala. Baba Irene akanitazama. Nikaanza kukusanya vyombo ambavyo watu walikuwa hawajamaliza kulia.

Leo asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba mwanangu, sauti ileile ya siku zote. Kisha akauliza nauli ya basi la Mafinga siku hizi ni kiasi gani. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Nikasema sijui. Najua.

Baba Irene alijaribu kuzungumza naye kabla hajaenda kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi. Alijibiwa kwamba macho ni ya Mungu, hata nyumbani yatafunguliwa. Namjua mama huyu. Akiondoka sasa hatarudi, na atamalizia maisha yake akipapasa kuta, kwa sababu mkwe wake alitaka kuchekesha meza.

Sebule iko uchi. Televisheni ina mkwaruzo niliokuwa nimeusahau.

Asilimia hamsini na mbili. Feni ya kadi mpya inalia kwa sauti nyembamba. Nimekaa hapa tangu saa saba, siwezi kwenda sokoni wala kufanya lolote, naogopa nikigeuka itazimika. Najua hakuna wa kuifunika tena. Nakaa tu. Labda nakaa kwa sababu mlango ule uko upande huu, na sijapata neno la kuingia nalo.

*

Saa kumi na nusu. Naandika jikoni. Hapo katikati yametokea mambo.

Ilikuwa asilimia sitini na kitu mama mkwe alipotoka chumbani. Akavuta kiti cha plastiki mpaka pembeni yangu, akakaa. Katika miezi miwili hajawahi kukaa hapo.

"Hiyo nyumba ni ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ni ya nesi mmoja, Boko. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akasema anaona bluu tu. Nikamwambia hilo ni bati. Akaniomba nimtembeze, nami nikamtembeza kwa maneno: baraza la mbele, sebule, jiko lenye mlango wa kutokea uani, vyumba vitatu vya kulala, na madirisha yalivyokaa. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila tulipoingia chumba kipya, kama anayevua viatu mlangoni.

"Na mama yake akija, atalala wapi?"

"Kuna chumba cha wageni, mama."

Nikasikia nilichosema.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Mimi nina miezi miwili hapa, Mama Irene. Jembe nililokuwa nalo nilijitafutia mwenyewe, kumbe naharibu."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema huku bado anatazama ile bluu.

Nikamwomba samahani kwa ya jana. Nilitaka iwe samahani kubwa, ikatoka ndogo. Akasema si kitu. Kilikuwa kitu, na sote wawili tulijua. Kwa hiyo nikamwambia jambo ambalo hapa nyumbani ni Baba Irene peke yake anayelijua. Kwamba sikuacha kazi, niliondolewa. Kwamba hiki anachokiona nakodolea macho ndiyo kazi iliyobaki, na nesi huyu akinikimbia sijui nitajiita nani. Nikamwambia sikutaka aone nacheza.

"Nani alisema unacheza?" Alikuwa ameshangaa kweli. "Kwani nilikuwa nafunika nini? Mtu hafuniki mchezo."

Nililia kidogo. Hakuona, au alijifanya hajaona.

Kisha akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya boksi. "Ina joto."

"Ndiyo, mama."

"La homa au la kazi?"

Nikaweka na mimi kiganja. "La kazi."

Akainamisha sikio, akaushika ule mngurumo kama mtu anayesikiliza gari la mbali. Huyu ni mama anayemtambua kila jirani kwa nyayo zake, anajua nani amerudi na nani amerudi amelewa. Nikajikuta nasema, mama, nina nguo kambani na maharage hayajabandikwa. Kaa nayo. Feni ikibadili sauti, au joto likizidi hapo, niite.

Sikumwambia apumzike. Nadhani ni mara ya kwanza tangu afike.

Akasogeza kiti vizuri, akavuta kanga yake mabegani, akarudisha kiganja palepale.

Mvua imeshuka nikiwa kambani, nimeokoa nguo zote isipokuwa soksi. Maharage yanachemka. Ameniita mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa lori limepita barabarani. Mara ya pili alitaka tu nijue kwamba hakuna jipya. Sasa hivi nimepaza sauti kutoka hapa nikimuuliza ni asilimia ngapi, kisha nikajiuma ulimi, maana mama hazioni namba. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Sijui, lakini inapumua."

Nimekwenda kuchungulia mwenyewe. Tisini na tatu. Nilipopita na nguo nilitazama na chumbani: begi bado limefungwa.

Wakati nageuka kurudi jikoni akaniuliza kama Jumatatu nitakuwa na nyingine ya kusimamiwa.

Nikajibu, "Ipo, mama."

Haipo. Baada ya nesi sina mteja hata mmoja, na Jumatatu si mbali. Nimesimama hapa nakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa, nawaza nitampa nyumba gani aisimamie, Jumatatu, na Jumanne, na siku zote mpaka siku ya macho yake. Nimepata moja tu. Ni yetu, ya kiwanja ambacho hata hatujakinunua. Nitaanza kuichora kesho jioni, taratibu, chumba kimoja kimoja, nisiimalize mapema.

Chumba chake nikiweke upande upi, wa jua la asubuhi, au wa barabarani, anakoweza kusikia nani anarudi?